Uso wa Anayesikiliza

Wanasiasa wawili wakiwekwa mbele ya kamera, simwangalii sana anayesema. Anayesema kajiandaa. Ana karatasi, ana washauri, ana maneno aliyoyarudia ndani ya gari mpaka dereva wake kayahifadhi. Mimi namtazama yule wa pembeni, aliyelazimika kunyamaza hadi zamu yake ifike. Kalamu yake inaandika kweli au inachorachora tu? Anatabasamu kwa hoja aliyoisikia, au kaambiwa kamera inapenda meno? Mwenzake akigusa penye kidonda, shingo inafanya nini? Mtu anaweza kuandikiwa hotuba. Hajapatikana bado wa kumwandikia mtu namna ya kusikiliza.

Mkutano wa hadhara hautupi nafasi hiyo. Sisi wa Bariadi mikutano tumeihudhuria ya kutosha: lori lenye spika, vijana wa fulana na kofia, ngoma ya asili, kisha msanii kutoka Dar es Salaam, kisha viongozi wa wilaya wakitambulishana nusu saa nzima, halafu ndipo mgombea mwenyewe anashika kipaza sauti, jua limeshaegemea magharibi. Hakuna anayemjibu. Waliokaa nyuma yake wamevaa rangi moja naye na kazi yao ni makofi. Unarudi nyumbani unaijua sauti yake, unazijua ahadi zake, na hujui hata kidogo atakuwaje siku mtu wa hadhi yake atakapomwambia usoni kwamba hilo si kweli.

Watu wa luninga wa Marekani waliijua zamani thamani ya uso wa anayesikiliza. Tarehe 26 Septemba 1960, John Kennedy na Richard Nixon walipokutana studio mjini Chicago, mwongozaji Don Hewitt hakuiacha kamera kwa msemaji peke yake; mara kwa mara aliirudisha kwa anayesikiliza. Nixon alikuwa ametoka hospitali siku si nyingi, goti likimsumbua, na nchi ikamwona amepauka, anajifuta jasho. Mwaka 1992, Richmond, George Bush baba alitupia jicho saa yake ya mkononi wakati mdahalo wa wananchi ukiendelea, na hilo jicho likakumbukwa kuliko jibu lake. Mwaka 2000, Boston, Al Gore alikuwa akishusha pumzi kwa kishindo kila Bush mwana alipozungumza. Kesho yake watu walijadili pumzi, kodi wakaisahau. Unaweza kusema huo ni upuuzi, kumhukumu kiongozi kwa jasho na saa. Kuna upuuzi ndani yake, sikatai. Lakini ningependa mtu anitajie mahali pengine ambapo mwananchi wa kawaida atamwona mkubwa akivumilia kukosolewa na mtu asiyeweza kumfukuza kazi.

Kwetu nafasi za namna hiyo zinahesabika. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Januari 2025 ulikaribia kuwa mmojawapo. Chadema walikuwa wakichagua mwenyekiti kwenye ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, na shughuli ikarushwa mbashara mpaka asubuhi. Upande mmoja Freeman Mbowe, aliyekiongoza chama tangu 2004. Upande wa pili Tundu Lissu, makamu wake. Na pembeni yao Charles Odero. Huku kwetu ulikuwa wakati wa palizi ya pamba, na mwenye shamba halali usiku wa manane akitazama siasa za watu. Hata hivyo mgahawa mmoja karibu na stendi uliiacha luninga ikiwaka. Walikuwapo bodaboda waliokosa abiria, makondakta wa mabasi ya alfajiri, walimu wawili, na mzee mmoja aliyekuja mjini kumuuguza ndugu yake akakosa pa kulala. Mama mwenye mgahawa, ambaye wateja wote tunamwita mayu, alikuwa akiuza chai ya maziwa na matobolwa, na kila baada ya muda alisimama katikati ya meza na sinia lake, akasahau aliyeagiza.

Sidhani kama watatu mle ndani walikuwa na kadi ya chama hicho. Nadhani ndiyo maana tulitazama vizuri. Hakuna aliyekuwa anatuomba kura, hakuna aliyetuahidi barabara. Tulikuwa watu wa kutazama tu, na mtu wa kutazama tu huona mengi ambayo mwenye maslahi huyapita. Wagombea walipopewa dakika zao za kujieleza na kuomba kura, mgahawa ulinyamaza kuliko unavyonyamaza kwenye mpira. Walimu walihesabu hoja. Bodaboda walihesabu makofi. Yule mzee, ambaye muda wote alikuwa kimya na fimbo yake katikati ya magoti, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kusubiri: "Mbona wanaongea mmoja mmoja? Tutajuaje nani kamzidi mwenzake?"

Swali lile lina mizizi kuliko linavyosikika. Mzee wa Kisukuma anajua mashindano yanavyofanywa. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, vikundi vya ngoma vinakutana uwanjani: Bagika upande huu, Bagalu upande ule, makundi yaliyoachwa na waganga wawili wa karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha, ambao ushindani wao haujaisha mpaka leo. Hawachezi kwa zamu. Wanaanza pamoja, kwenye uwanja mmoja, kila manju akiimba kumfunika mwenzake na kumrushia vijembe, wengine na majembe mikononi, wengine na chatu shingoni. Watu wako katikati. Ukiona upande wa pili kumenoga, unahama kwa miguu yako. Hakuna kadi ya kura wala mwenyekiti wa kutangaza. Aliyezungukwa na wengi ndiye mshindi, na aliyeshindwa anajua tangu mapema kwa sababu anaona migongo. Padri David Clement, aliyeianzisha Bujora kule Mwanza miaka ya 1950, aliona utamu wa jambo hili mapema, akayaingiza mashindano hayo kwenye sherehe za Bulabo, na hadi leo yanafanyika.

Ndiyo maana mtu aliyekulia kwenye viwanja hivyo akiwekewa luninga ya wagombea wanaopanda jukwaani kwa zamu, kila mmoja na dakika zake, anahisi kanyimwa kitu. Kanyimwa mlinganisho wa papo kwa papo. Ila kuna jambo ngoma inalo na luninga haiwezi kabisa kulipata: mchezaji anamwona mtazamaji akiondoka. Mayu alipozima sauti saa nane usiku ili mtoto wake alale, Dar es Salaam hakuna aliyejua.

Alfajiri matokeo yakatoka: Lissu kura 513, Mbowe 482, Odero kura moja. Ile kura moja ilichekwa Bariadi siku mbili. Mbowe alimpongeza mwenzake mtandaoni hata kabla ya tangazo rasmi, jambo ambalo kwa siasa zetu si dogo, na walimu wale wawili, waliokuwa wamebishana usiku kucha, walikubaliana hapo tu. Mimi niliondoka na kiu. Wiki zote za kabla ya hapo watu hao wawili walikuwa wamejibizana, lakini kila mmoja kwa waandishi wake, siku yake, ukumbi wake. Huyu anasema leo, yule anajibu keshokutwa. Miaka mingi wamekaa meza moja ya chama, wanajuana udhaifu na nguvu. Hakuna wawili nchini waliokuwa na maswali mazuri zaidi ya kuulizana. Dakika kumi tu za kuulizana ana kwa ana zingetosha. Hatukuzipata. Na muda wa kuzipata baadaye haukuwepo: Aprili mwaka huohuo Lissu alikamatwa, akafunguliwa kesi ya uhaini, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama chake, ambacho hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, hakitashiriki uchaguzi wa Oktoba.

Nisiwasimange Chadema peke yao, maana angalau walituruhusu kutazama. Mwaka 2015 CCM walikuwa na kinyang'anyiro ambacho, kingekuwa katika nchi yenye desturi ya midahalo ya ndani ya chama, kingejaza jukwaa. Wanachama 42 walichukua fomu za kuomba kuteuliwa kugombea urais, 38 wakazirejesha. Mawaziri wakuu wa zamani, mawaziri, mabalozi, majaji, watu wasiojulikana kabisa. Luninga zilihemewa. Edward Lowassa alitangaza nia Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ukafurika. January Makamba alikodi ukumbi Dar es Salaam. John Magufuli alikwenda Dodoma akachukua fomu yake bila tarumbeta, akakataa kuhutubia. Kila mmoja akazunguka mikoa kutafuta wadhamini 450. Sisi huku tukawaona karibu wote, mmoja baada ya mwingine, kwenye habari za saa mbili. Lakini hata siku moja hatukuwaona wawili kwa pamoja wakiulizwa swali moja. Watu 38, na hakuna aliyewahi kulazimika kumsikiliza mwenzake hadharani!

Kutangaza nia, ukiitazama vizuri, ndiyo namna yetu ya kuukwepa mdahalo huku tukionekana tumeufanya. Kuna kamera, kuna hotuba, kuna umati, kuna hata maswali ya waandishi. Kinachokosekana ni mpinzani. Halafu mchujo ukafanyika ndani, majina yakapungua hadi matano, kisha matatu, na tarehe 12 Julai nchi ikatangaziwa: Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Kanda ya Ziwa tulifurahi, sitaficha. Mtu wa Chato aliyezungumza Kisukuma na sisi. Furaha hiyo ilitufanya tusiulize jambo jepesi: huyu mtu akipingwa anakuwaje? Tulikuja kulijua baadaye, tukiwa tumeshapiga kura.

Hapa Bariadi lakini tuna haki ya kujivuna kidogo kwenye habari hii, maana mdahalo mkubwa wa kwanza wa luninga nchini ulikuwa na mtu wetu. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mitatu, wagombea wote wanne wa urais walikaa pamoja mbele ya kamera: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi, Ibrahim Lipumba wa CUF, na John Cheyo wa UDP, mtoto wa Bariadi, ambaye nchi nzima ilimwita Bwana Mapesa kwa sababu alisema waziwazi kwamba siasa yake ni kuwajaza watu pesa mifukoni. Wanne wote. Mgombea wa chama tawala hakuwa na udhuru, hakuwa na safari, hakutuma mwakilishi.

Bariadi hatukuuona. Luninga ya Tanzania Bara ilikuwa na mwaka mmoja hivi tangu ianze, na ilikuwa mali ya Dar es Salaam. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, sisi tulikuwa na redio ya mkulima. Bariadi yenyewe ilikuwa bado wilaya ya Shinyanga, mkoa wa Simiyu ukizaliwa miaka kumi na saba baadaye, 2012. Kwa hiyo mtu wetu alizungumza na nchi, na watu wake wakasimuliwa. Masimulizi, kama kawaida yake, yalimkuza: kila aliyetoka mjini alikuja na jibu ambalo Cheyo eti aliwapa wenzake, na majibu yakaongezeka kadiri siku zilivyokwenda. Wasimulizi wa kisiasa huko nchini wamekuwa wakisema kwamba usiku ule Mrema, aliyekuwa akibebwa mabegani na umati barabarani, alipwaya kitini, na kwamba Mkapa, ambaye umati haukumjali, alionekana mtu wa kazi. Kura zilipohesabiwa Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4, Cheyo asilimia nne. Cheyo hakupata urais, lakini baadaye alikuwa mbunge wa Bariadi Mashariki na mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, kazi ambayo ukiitazama ni ya kusikiliza kuliko kusema.

Ungetegemea chama kilichonufaika na mdahalo kiupende. Ikawa kinyume. Jakaya Kikwete hakukaa kwenye mdahalo na wapinzani wake, si 2005 si 2010, na mwaka 2010 CCM iliwazuia hata wagombea wake wa ubunge kwenda kwenye midahalo. Oktoba 2015 uliandaliwa mdahalo wa wagombea urais. Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo alikuja, wagombea wa vyama vidogo wakaja, lakini Magufuli na Lowassa, ambaye sasa alikuwa mgombea wa upinzani, wawili ambao nchi ilikuwa inawasubiri, hawakutokea. Hapo ugonjwa ulishavuka mipaka ya chama kimoja. Anayedhani anashinda haoni sababu ya kuketi na mwenzake, awe wa kijani au wa rangi yoyote.

Jirani zetu Kenya walianza kwa ari. Februari 2013 wagombea wanane walisimama pamoja Nairobi, mmoja wao, Paul Muite, akiwa amekwenda mahakamani kudai nafasi yake kwenye jukwaa, na watu wa Bariadi waliokuwa na ving'amuzi walitazama ingawa Kiingereza kilikuwa kirefu. Lakini hata kwao ari imepoa. Mwaka 2017 Raila Odinga alijibu maswali peke yake, Uhuru Kenyatta hakuja. Mwaka 2022 William Ruto alijibu maswali peke yake, Raila naye hakuja. Meza ya pili ilikuwa tupu. Mtu anayejadiliana na meza tupu anaweza kuwa mkali apendavyo. Meza haimkatizi, nasi hatumwoni akikatizwa.

Kwa miaka kadhaa Watanzania tulikuwa na kitu kilichofanana na mdahalo wa kila siku, nacho ni Bunge. Mtu aliyefunga duka mchana hapa Bariadi aliweza kukaa na kumwona waziri akisikiliza hoja dhidi yake, akiguna, akiomba taarifa, akisimama kwa kanuni. Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge mbashara, kwa hoja ya gharama. Tukaachiwa muhtasari. Kwenye muhtasari kila mtu anasema, hakuna anayesikiliza. Mkasi unaanza kuwakata walionyamaza. Nadhani hatujakadiria bado hasara ya uamuzi ule kwa vijana wetu, waliokua wakiijua siasa kwa vipande vya dakika moja kwenye simu, kila kipande mtu mmoja, kidole kimoja hewani.

Kura za maoni za 2020 zilirudisha kamera mahali ambapo haikuwahi kufika: kwenye vikao vya wajumbe majimboni. Julai ile maelfu walichukua fomu za ubunge kupitia CCM, kura zikahesabiwa hadharani, na simu zikarusha moja kwa moja. Ilikuwa burudani na ilikuwa huzuni. Mtu anaingia na suti, anataja shahada zake mbili na ya tatu aliyo mbioni kuipata, anapiga magoti, anaomba kura. Baada ya saa chache anasomewa kura sifuri, mbele ya mke wake na mbele ya nchi. Msemo wa kwamba wajumbe si watu ulizaliwa mwaka ule na haujafa. Huku Bariadi, ambako Andrew Chenge alikuwa mbunge kwa miaka mingi, bendera ilikwenda kwa Mhandisi Kundo Mathew. Kilichonivutia zaidi ya matokeo ni utaratibu. Katika vikao vingi vya aina hiyo, anayejieleza huingia peke yake, wenzake wakisubiri nje. Sababu inaeleweka: asiyemsikia wa kwanza hawezi kumwibia majibu. Lakini maana yake ni kwamba chama kimetengeneza mlango maalumu wa kuhakikisha mgombea hasikii mpinzani wake anasema nini. Mjumbe ndiye pekee aliyewasikia wote, na mjumbe ana shida zake. Tulishawahi kuwa na sheria inayoruhusu takrima kwenye uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Sheria ilifutwa, ukarimu haukufutwa.

Mwaka 2025 mambo yalisogea kidogo. Jimbo la Bariadi liligawanywa, tukapata jimbo jipya la Bariadi Mjini. Idadi ya wajumbe wa kura za maoni iliongezwa sana, na kabla ya kura za tarehe 4 Agosti wagombea waliopitishwa walizungushwa kata kwa kata kwa pamoja, wakijinadi mbele ya wajumbe walewale, wenzao wakiwa wamekaa kwenye mabenchi palepale. Huo si mdahalo, hakuna kuulizana. Ila wamekaa pamoja! Nilitazama vipande vya misafara hiyo kutoka majimbo mbalimbali, na nikawa nafanya kazi yangu ileile ya kuangalia benchi. Kuna wanaokaa wakitazama simu tangu mwanzo mpaka mwisho. Kuna anayemshangilia mpinzani wake kwa makofi ya sauti kubwa mno. Kipande kimoja kilinikaa: mwanamama mmoja alipokuwa akieleza habari za zahanati isiyo na umeme, mwenzake wa benchi, mshindani wake, alitoa karatasi mfukoni akaandika. Sijui aliandika nini. Huenda alikuwa anaiba hoja. Hata kama ni wizi, alikuwa kasikia.

Simiyu ilikuwa na mtu mwingine mwaka huo ambaye luninga ilimpenda na kamati hazikumpenda: Luhaga Mpina wa Kisesa, wilayani Meatu, mtu wa kusimama bungeni na makabrasha, aliyesimamishwa vikao kumi na tano mwaka 2024 baada ya kumkabili waziri kwenye sakata la sukari. Chama chake, CCM, kilimwacha kwenye mchujo wa Julai. Akahamia ACT-Wazalendo, wakamteua kugombea urais, Tume ikamwengua, mahakama ikamrudisha, Tume ikamwengua tena. Watu wa Meatu waliifuata habari hiyo kwenye simu kama wanavyofuata ligi. Mtu unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, na wapo wengi Meatu wasiokubaliana naye. Nilichotamani ni kumwona ameketi mkabala na wale aliowatuhumu, wote wakiwa na muda sawa, wakijibizana hadi mwisho wa hoja, sukari na mengine yote. Alichosema yeye tunacho. Walichosema wao tunacho. Namna kila mmoja alivyopokea maneno ya mwenzake, hiyo ndiyo hatuna.

Najua hoja ya wapinzani wa midahalo, na si ya kijinga. Wanasema mdahalo unampendelea msema ovyo, kwamba kuna mtendaji mzuri asiyejua kuongea, kwamba Mtanzania hapendi kuona wakubwa wakivunjiana heshima. La mwisho silikubali. Mtu anayesema Msukuma hapendi kuona watu wakishindana hadharani hajawahi kusimama katikati ya uwanja mwezi wa saba, Bagalu wakiwaimbia Bagika mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, na jioni wakanywa pamoja. Hilo la msema ovyo lina uzito zaidi. Lakini dawa yake ni maswali, na maswali Simiyu hayajawahi kutupungukia.

Ningependa basi mdahalo mmoja, wa jimbo moja tu, ufanyike viwanja vya Nyakabindi ambako Nanenane ya taifa ilifanyika, viti vikiwa na majina na hakuna anayetolewa nje. Muulizaji awe mtu anayejua pamba. Aulize kuhusu tembo wanaotoka hifadhini wakaingia kwenye mahindi ya watu Meatu na Itilima, na mahindi yakaisha kabla fidia haijafika. Aulize maji ya Ziwa Victoria, mradi uliotajwa kwenye kampeni nyingi kiasi kwamba watoto waliozaliwa ulipotajwa mara ya kwanza sasa wanabeba ndoo wenyewe. Kisha arudi mwaka 2019, wakati serikali ilipotangaza bei ya pamba shilingi 1,200 kwa kilo, wanunuzi wakasema soko la dunia limeanguka, na wakulima wengi wa mkoa huu wakapima pamba yao msimu ule wakasubiri malipo miezi na miezi, wakikopa dukani kwa jina la mizani ambayo tayari ilikuwa imeshaondoka na mzigo. Asiulize mtafanya nini. Hilo kila mtu ana jibu lake. Amuulize kila mmoja, wenzake wakiwa wamekaa wanasikia: mwaka ule wewe ulikuwa wapi, ulijua lini kwamba watu hawajalipwa, na ulimwambia nani?